Mapitio: kikokotoo cha bure cha kupimia iwapo ufuate dau katika poka

Anayecheza poka ya Texas Hold'em, ambamo kila mchezaji ana karata mbili zake na wote hutumia kwa pamoja karata tano za mezani, hukutana na swali lile lile kila anapokaa mezani: mpinzani ameweka dau, karata zangu bado zinasubiri kukamilika, je, nifuate, yaani nilipe kiasi kile kile, au nitupe karata na kujiondoa? Jibu lake lina pande mbili. Upande wa kwanza ni bei, yaani ninatakiwa kutoa kiasi gani ukilinganisha na kitita ninachokigombea. Upande wa pili ni uwezekano wa kushinda kitita hicho karata zote tano za mezani zitakapokuwa zimefunuliwa. Vikokotoo vya poka vimetengenezwa hasa kwa ajili ya upande huu wa pili, na kile ninachokipitia hapa ni cha bure, cha kupakua kwenye kompyuta, ambacho nimekitumia kwa muda mrefu sambamba na programu mbili za simu za aina hiyo. Majina siyataji, kwa kuwa vikokotoo vingi vya namna hii vimejengwa kwa mpango ule ule, na aliyekielewa kimoja hatapotea katika kingine.

Nianze na bei, kwa sababu asilimia ya ushindi isiyosimama kando ya bei haimsaidii mtu kuamua lolote. Tuseme katikati ya meza kuna kete 90, yaani vipande vinavyowakilisha pesa, na mpinzani anaweka dau la 60. Nikifuata, ninatoa 60 kugombea 150 zilizokwisha kuwekwa, na kitita pamoja na mchango wangu kinafika 210. Sehemu yangu ni 60 kati ya 210, sawa na asilimia 28.6. Nikiwa na uwezo wa kushinda mara nyingi zaidi ya hapo, kufuata kuna faida hata kama leo nitashindwa. Nikiwa chini ya hapo, ninapoteza kete hata kama leo nitashinda. Kwa hesabu hiyo hiyo, dau la nusu ya kitita linadai asilimia 25, dau linalolingana na kitita linadai 33.3, na dau la mara mbili ya kitita linadai 40. Wachezaji wapya hushangaa kuona kwamba hata dau kubwa kiasi hicho halimtaki anayefuata ashinde nusu ya mara zote. Kikokotoo hiki kina visanduku viwili, kimoja cha kitita na kingine cha dau, na ukishavijaza asilimia inayotakiwa huonekana juu ya skrini na kubaki hapo wakati unaendelea na kazi nyingine. Ni jambo dogo, lakini programu zote mbili za simu zimelikosa, na kwa sababu hiyo peke yake nilizishusha daraja.

Sasa twende kwenye karata zenyewe. Nimeshika malkia na ghulamu, wote wa kopa. Karata tatu za kwanza za mezani ni mfalme wa kopa, saba ya kopa na mbili ya pau. Nina kopa nne, ninaitafuta ya tano, kwa kuwa karata tano za alama moja huzishinda jozi na karata tatu za namna moja. Pakiti ina kopa 13, kwa hiyo zimebaki tisa kati ya karata 47 nisizoziona. Uwezekano wa kopa kushuka katika karata inayofuata ni 9 kwa 47, yaani asilimia 19.1, na uwezekano wa kushuka angalau moja katika karata mbili zilizobaki ni asilimia 35. Hesabu hii inafanyika hata kichwani, na kama kikokotoo kingeishia hapo, kisingestahili hata nafasi kinayochukua kwenye kompyuta.

Kazi yake huanza pale ninapomwekea mpinzani karata zake. Ninampa ree ya shupaza na mfalme wa uru, yaani jozi ya wafalme yenye ree pembeni, kisha nabonyeza kitufe cha kukokotoa. Jibu ni asilimia 38.6, juu ya zile 35 nilizozihesabu kichwani. Ziada hiyo imetoka wapi? Imetoka kwanza kwenye ukweli kwamba karata za mpinzani zinajulikana na hakuna kopa ndani yake, hivyo kopa zangu tisa zimo katika karata 45 badala ya 47. Imetoka pia kwenye njia za pembeni ambazo hakuna anayezihesabu mezani: karata ya kumi na karata ya tisa zikishuka zote mbili nami nikapata karata tano za mfululizo, malkia wawili wakishuka pamoja, au malkia na ghulamu wakishuka na kunipa jozi mbili. Kikokotoo kimeziondoa pia hali chache ambamo kopa yangu inashuka lakini mpinzani anapata karata tatu za namna moja pamoja na jozi na kunishinda. Kimeyapitia yote hayo bila kuruka hata moja.

Halafu ninabadilisha kitu kimoja tu: badala ya ree na mfalme, mpinzani anashika saba mbili, na pamoja na ile ya mezani anazo saba tatu. Karata zangu ni zile zile, meza ni ile ile, dau ni lile lile. Asilimia yangu inashuka hadi 26.5. Tukumbuke bei ilikuwa 28.6. Iwapo dau lile la 60 lilikuwa ndilo la mwisho alilobaki nalo mpinzani, basi dhidi ya karata za kwanza ninapaswa kufuata bila kusita, na dhidi ya karata za pili ninapaswa kutupa. Chombo kimejibu sawasawa mara zote mbili, ila hakikuwa na namna ya kunieleza ni lipi kati ya maswali mawili nililopaswa kukiuliza. Yeyote anayetaka kujua thamani halisi ya vikokotoo hivi na afanye jaribio hili kabla ya kusoma sifa zilizoandikwa kwenye ukurasa wa kupakulia.

Kwa upande wa usahihi sina lawama. Karata tatu zikiwa mezani na karata za wachezaji wawili zikijulikana, karata mbili zilizobaki zinaweza kushuka kwa njia 990 tu, na kompyuta huzimaliza zote kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe. Kabla ya karata yoyote ya mezani kushuka, njia ni 1,712,304, na hizo nazo huhesabiwa moja moja. Mzigo unakuwa mzito pale wapinzani wanapokuwa wengi na karata zao hazijulikani; hapo chombo huacha kuhesabu kila njia na kuanza kuchezesha michezo ya kubahatisha kwa maelfu, kisha hutoa wastani. Mbinu hiyo inaitwa Monte Carlo, na asili yake inapendeza katika muktadha huu: mwanahisabati Stanislaw Ulam aliifikiria mwaka 1946 alipokuwa akijiuguza na kucheza karata peke yake, akajiuliza uwezekano wa mchezo wake kukamilika, akaona ni rahisi zaidi kuucheza mara nyingi na kuhesabu kuliko kuutafutia kanuni. Miongo mingi baadaye mbinu hiyo imerudi kwenye karata. Mtumiaji anapaswa kujua tu kwamba jibu lake lina kosa dogo. Kwa michezo 10,000, asilimia unayoiona inaweza kupishana na ya kweli kwa karibu pointi moja juu au chini. Kwa michezo milioni moja, kwa sehemu ya kumi ya pointi. Kikokotoo hiki huandika idadi ya michezo iliyochezeshwa chini ya jibu, na huo ni uungwana ambao si kila mtengenezaji anao.

Sehemu niliyoitumia kuliko zote ni jedwali la karata za kuanzia. Karata mbili za kuanzia zinaweza kupatikana kwa michanganyiko 1,326, lakini ukipuuza tofauti zisizo na maana zinabaki aina 169, nazo zimepangwa katika mraba wa safu 13 kwa 13: jozi zimepita katikati kwa mshazari, karata mbili za alama moja, kama kopa na kopa, upande mmoja wa mshazari, za alama tofauti upande mwingine. Unabonyeza viboksi vya zile unazodhani mpinzani anaweza kuwa nazo, na chombo kinakokotoa asilimia yako dhidi ya orodha nzima kwa pamoja, kila mchanganyiko ukipewa uzito wake.

Hapa ndipo kikokotoo kinapoanza kufundisha. Turudi kwenye mfano wetu. Mfalme mmoja yuko mezani, kwa hiyo ree na mfalme vinaweza kupatikana kwa njia 12 tu, ree nne mara wafalme watatu. Saba mbili zinapatikana kwa njia tatu, na jozi ya mbili kwa njia tatu. Tukiamini kwamba mpinzani huweka dau hili akiwa na mojawapo ya hizo na hana nyingine, orodha yake ina michanganyiko 18, na theluthi mbili yake ni zile zisizonitisha sana. Asilimia yangu dhidi ya orodha nzima inakuja karibu 34, juu ya bei. Ninafuata. Wachezaji wengi wanaoogopa karata tatu za namna moja huzipa uzito uliopita kiasi kwa sababu ndizo zilizowaumiza na ndizo wanazozikumbuka, na jedwali huwarekebisha bila maneno. Vilevile linakuonyesha jinsi karata ulizoshika wewe zinavyopunguza za mwenzako: ukishika ree moja, njia 12 za ree na mfalme katika meza hii zinabaki tisa, na njia sita za jozi ya ree zinabaki tatu. Idadi ya michanganyiko iliyochaguliwa huandikwa pembeni na kubadilika kila unapobonyeza, na nakiri kuna nyakati niliitazama namba hiyo zaidi ya asilimia yenyewe.

Namba hiyo ndiyo yenye faida kubwa zaidi baada ya karata ya tano kushuka, pale ambapo hakuna tena cha kusubiri na swali lililobaki ni kama mpinzani ana karata au anapiga mkwara. Wengi hudhani kikokotoo hakina kazi hapo. Kinayo. Ikiwa dau linalingana na kitita, bei ni asilimia 33.3, kwa hiyo inatosha mkwara uwe mmoja katika kila madau matatu. Ukihesabu kwenye jedwali kwamba mpinzani ana michanganyiko 12 inayokushinda, basi unatafuta michanganyiko sita ambayo angeifikisha hadi mwisho bila kupata kitu na bado akathubutu kuweka dau. Ukiipata sita, kufuata na kutupa ni sawa. Ukiipata tisa, fuata. Ukitafuta ukakosa hata mitatu, tupa bila kinyongo. Sijaona maelezo ya matumizi haya katika mwongozo wa chombo chenyewe, jambo ambalo ni upungufu wa mwongozo na si wa chombo.

Ndani yake pia kuna sehemu ya mazoezi, ambayo hukuonyesha karata na meza, ikakutaka ukadirie asilimia kabla ya kukupa jibu. Inafundisha kanuni ya mbili na nne inayotumiwa na wachezaji wengi: hesabu karata zinazoweza kukuokoa, zidisha kwa nne ikiwa karata mbili bado hazijashuka, na kwa mbili ikiwa imebaki moja. Kwa karata tisa kanuni inatoa 36, na jibu kamili ni 35. Kwa karata nne inatoa 16, na jibu kamili ni 16.5. Kwa karata 15 inatoa 60 wakati jibu kamili ni 54.1, na hapo mazoezi yanakufundisha kupunguza: karata zikizidi nane, toa pointi moja kwa kila iliyozidi, nawe utapata 53. Yote ni mazuri. Lakini mazoezi yanakubali uzidishe kwa nne kila mara karata tatu zinapokuwa mezani, bila kuuliza kama mpinzani bado ana kete za kuweka dau jingine. Kama anazo, hujanunua karata mbili kwa dau hili, umenunua moja. Kopa zangu tisa zina thamani ya asilimia 19.1 mpaka dau lijalo, na 35 ni kwa yule tu ambaye hatadaiwa tena. Kosa hili ndilo ninaloliona mara nyingi kuliko mengine yote kwa watu wanaojivunia kujua hesabu ya poka, na inasikitisha kuliona likipandwa na chombo kilichokusudiwa kuling'oa.

Linalofuatana nalo ni suala la kete zinazoweza kupatikana baadaye. Tuseme katika mfano wetu mpinzani bado ana kete nyingi. Nina asilimia 19.1 na bei ni 28.6, kwa hiyo kwa hesabu ya papo hapo ninatupa. Hata hivyo, kopa ikishuka mpinzani huenda akaendelea kunilipa. Ili kufuata kusiniletee hasara, 60 ninazotoa lazima ziwe asilimia 19.1 ya kitita, yaani kitita kifike takriban 313, nami ninazo 210, kwa hiyo nahitaji kumtoa wastani wa kete 103 hivi zaidi kila ninapokamilisha. Je, atazitoa? Hilo linategemea kete alizonazo, tabia yake, na jinsi kopa ya tatu mezani inavyomtisha kila mwenye macho. Kikokotoo hakina kisanduku cha kete zilizobaki wala cha makato ya mwenye meza, ambayo nayo yana uzito: yakiwa asilimia 5 ya kitita, bei yetu ya 28.6 inapanda hadi 30.1. Katika mashindano, ambako kete unazopoteza zina thamani kubwa kuliko unazopata unapokaribia zawadi, pengo hili huwa pana zaidi. Nisingekidai chombo cha bure kifanye hesabu hizo zote, ila kisanduku cha makato kingekuwa kazi ndogo sana kwa mtengenezaji.

Kuna kasoro nyingine ninayoiona kuwa ya hatari, nayo ni namna chombo kinavyoanza. Usipomwekea mpinzani chochote, kinachukulia kwamba anaweza kuwa na karata zozote zile, sawasawa. Ukiweka malkia na ghulamu wetu wa kopa katika meza ile ile kwa mtindo huo, asilimia inapita 50, na mgeni anaondoka akiamini kwamba yeye ndiye anayeongoza. Mtu aliyeweka dau la theluthi mbili ya kitita hana karata zozote zile; dau lenyewe limekwisha kuchuja. Chombo kingepaswa kukataa kukokotoa mpaka orodha ijazwe, au angalau kitoe onyo. Sare nazo zimejumuishwa ndani ya asilimia kuu, na ili kuzitenganisha inabidi ufungue menyu ya mipangilio.

Programu za simu nitazipitia kwa ufupi kwa sababu hazina mengi. Zote mbili zinataka karata kamili za kila mchezaji, kisha zinatoa asilimia zinazofanana na zile zinazoonyeshwa kwenye matangazo ya televisheni. Mtazamaji wa televisheni anaziona karata za wote. Mchezaji haoni ila zake. Asilimia ya namna hiyo hutumika kumaliza ubishi baada ya mchezo, kwa mfano kuthibitisha kwamba jozi ya ree hushinda jozi ya wafalme karibu mara 82 kati ya 100 na kwamba zile 18 hazina uchawi ndani yake. Kwa kuamua kama ufuate dau, hazina msaada. Moja kati yao ina toleo la kulipia ambalo huondoa matangazo na kuongeza rangi za meza.

Kuhusu kukitumia wakati wa mchezo, mwenye nia hiyo na aache mapema. Tovuti nyingi za poka hukataza programu zinazomshauri mchezaji katikati ya mchezo, na kwenye meza za kasino kwa kawaida simu hairuhusiwi mkononi mwa aliye na karata. Zaidi ya hapo, hakuna muda: kujaza orodha ya mpinzani kwa uangalifu huchukua dakika kadhaa, wakati mezani unapewa sekunde. Mahali pake ni baada ya mchezo, ukiwa na maandishi ya maamuzi mawili au matatu yaliyokutatiza, ukianza na bei, ukiandika orodha unayoiamini kabla hujaona asilimia yoyote, kisha ukiongeza na kupunguza aina moja moja ya karata kuona ni ipi inayoligeuza jibu.

Kwa aliyeanza juzi na bado anachanganya ni karata zipi zinashinda zipi, kikokotoo hiki kitakuwa mapema mno. Ajifunze kwanza kuhesabu karata za kuokoa na kukariri zile bei nne au tano. Kwa anayecheza mara kwa mara na anayefuata madau kwa hisia, ningekipa nyota nne kati ya tano, nikiibakiza moja kwa sababu ya orodha tupu mwanzoni na mazoezi yanayozidisha kwa nne bila kuuliza. Lipo pia toleo lake la kulipia, ambalo huhifadhi orodha ulizotengeneza ili usizijaze upya kila mara. Toleo la bure hukuruhusu kunakili orodha kama maandishi na kuibandika unapoihitaji, kwa hiyo faili moja la maandishi lililopangwa vizuri linafanya kazi hiyo hiyo.